Nguvu Aliyoiomba Joakim

Mbinga Mjini,
Ruvuma.
14 Julai 2025.

Mpendwa mwanangu Meshack,

Marahaba, najua shikamoo yako i njiani. U mzima huko Dodoma? Watoto hawajambo? Mimi ninapumua, ingawa magoti yanaikataa baridi ya Julai.

Nimeona nikuandikie, kwani simu hukatika kabla neno halijaeleweka, na balaa letu limetokana na neno.

Shemeji yako Placidi hajarudi kutoka ziwani. Alitoka Liuli kuvua, upepo wa kusini ukamkuta. Kesho yake mawimbi hayakuruhusu mtumbwi wowote kumfuata. Mdogo wako Joakim akaichukua ndege nyuki yake, ile droni, ili amtafute kutoka angani, akafunga ile betri mpya uliyomtumia. Plagi ziliingiana, akaamini kwamba kila kitu kimeingiana.

Ndege ilipanda, ikatoa moshi, ikaanguka maweni. “Hiyo ndege au jiko?” kijana mmoja akapayuka. Dada yenu Jacqueline alikuwa akiyatazama maji aliyopotelea mumewe.

Fundi ameyafungua mabaki. Vidhibiti mwendo, vile vinavyopimia mota umeme, vilitengenezwa kwa betri ya seli nne. Uliyotuma ina seli sita. Volti zikavizidi, vikaungua. Joakim alikuomba betri “yenye nguvu zaidi”. Alitaka inayodumu, afike mbali; ukampa inayosukuma. Angetaja seli nne zilezile na ampea-saa nyingi zaidi, yaani akiba kubwa ya umeme. Nawe ungeuliza vidhibiti vyake vinahimili volti ngapi. Neno lisilo na kipimo hubebeshwa lolote.

“Niliomba nguvu, nikapewa nguvu,” ndilo alilosema. Sasa simu yako ikiita, anaigeuza kifudifudi.

Hakuna ajuaye kama ndege ingemwona Placidi. Mtumbwi umeokotwa mtupu. Padri yu tayari kwa misa, lakini Jacqueline amekataa. “Baba mkubwa, sikai matanga na kaka wasiotazamana. Nimepoteza mmoja, sitaki kuhesabu watatu.”

Basi njoo. Usitume pole. Ukifika, usianze habari za volti; kaa mkekani kando ya mdogo wako, unyamaze mpaka aseme yeye.

Mama yako mkubwa Aurelia anakusalimu, na bibi yako Hildegardi anakuombea kwa rozari yake. Mungu akushushe salama kituo cha basi cha Kitai, nami nitakuwapo kukupokea.

Wako akupendaye hata anapokukemea,
Baba yako mkubwa,
Urbani.