Kanga ya Zuhura

Barani, Ijumaa baada ya isha, 1986

Leo nimeweza.

Asubuhi jirani yangu Zuhura alipita mlangoni kwangu makusudi, kajitanda kanga mpya. Maneno ya kanga yenyewe yamsuta mwanamke aliyeachwa na mume, na uchochoro huu mzima aliyeachwa ni mimi. Hasira zikanipanda. Mwezi uliopita ningemvaa palepale. Leo nikameza mate, nikamwambia, “Zuhura, rangi hiyo imekukaa. Hebu geuka niione.”

Akageuka. Akasahau alilojia, akacheka.

Magharibi kaja kunikatia kipande kimoja cha doti ile ile. “Shika, tuvae sare.”

Kesho twatoka pamoja, maneno yale yale mgongoni. Usingizi hauji. Nataka nione mtaa utasema anayesutwa ni nani.