Mkanda wa Watu Wawili

9 Januari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na mgongo umekuonea huruma wiki hii. Mimi mzima, ila nimechoka. Mchana nakata nyasi za uwanja, jioni nasafisha ofisi, nikifika chumbani viatu navivua kwa kusukuma na mguu, maana kuinama siwezi. Bosi hajambo? Bado anaamuru watu? Mwambie mama yake anampenda, na nikirudi nataka nimkute anafunga vifungo vyake mwenyewe.

Nimeambiwa trekta imefika. Usiidharau kwa udogo wake. Nimeiendesha huku mpaka uwanja uliponunua nyingine wakaniachia hii, kwa hiyo naijua tabia. Wewe ni fundi cherehani, umezoea mashine inayotii mguu. Hii nayo inatii mguu, lakini ikikasirika inamlalia mtu.

Ukipanda, kanyaga klachi na breki mpaka mwisho. Goti likinyooka kabisa, kiti kiko mbali, kivute mbele. Nyuma yako kuna fremu ya chuma iliyosimama kama mlango usio na ukuta. Usiilaze. Trekta ikipinduka, fremu ndiyo inayomwachia mtu nafasi, na mkanda ndio unaomshikilia ndani ya nafasi hiyo. Kimoja bila kingine ni bure. Na kabla ya kushuka, hata kama unashuka kujikuna: jembe chini, breki ya mkono, zima, toa ufunguo.

Nijibu upesi. Nisalimie Bosi wangu.

Mwanao,
Mama Bosi


30 Januari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba. Sisi huku wazima. Mgongo upo, hauendi popote. Nasikitika kusikia unavyochoka. Kula, hata kama ni kwa kusimama.

Trekta ni mashine ya adabu. Siku ya kwanza nilirudi nyuma nikabomoa banda la kuku. Kuku wote walitoka wazima, aliyetaga ni mimi. Sasa nimezoea. Ile sehemu ya juu ya shamba, tuliyokuwa tunaiacha kila mwaka kwa sababu mkono wa mtu mmoja hautoshi, safari hii nitaifungua yote.

Sasa nikupe habari itakayokufurahisha. Jirani yetu aliyekuwa anashinda na Bosi amehamia kwa mwanawe, kwa hiyo Bosi nashinda naye mimi, na juu ya trekta ni mapajani kwangu. Usishtuke! Babu yake si mjinga. Mkanda uliokuja na trekta haukuweza kutuzunguka wote wawili. Nikaukata katikati, nikaongeza kipande cha utepe ule mgumu wa kufungia mizigo, nikaunga huku na huku kwa uzi mnene, mistari minane kila upande. Kiti nimekirudisha nyuma mpaka kikagoma, ili tumbo langu, yeye na usukani tusigombane. Anakaa kama malkia. Tukivuka lile tuta la juu tunarushwa, anacheka, anasema, "Tena, Babu!"

Ungeuona mshono ule ungelia.

Baba yako


17 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri, ingawa tangu nisome barua yako sina raha ya kuuliza hali kwa kirefu. Niliisomea mlangoni pa stoo, nimevaa glovu bado. Nimelia kweli, ila si kwa uzuri wa mshono.

Baba, kiti ni kimoja. Aliyeitengeneza trekta hakusahau cha pili.

Nikueleze taratibu. Umerudisha kiti nyuma, maana yake breki unaigusa kwa vidole. Siku utakayoihitaji kweli, utakosa mguu wa kuikanyaga. Halafu Bosi hajawahi kuona mpini asiuvute. Akivuta ule wa kunyanyulia jembe mkiwa kwenye mteremko, utafanya nini, mikono iko kwenye usukani? Na trekta ikigonga kitu ikasimama ghafla, yeye ndiye yuko kati ya kifua chako na usukani. Wewe ndiye utakayemponda, baba yangu, wewe unayempenda. Na mkanda ule haukatwi wala hauungwi. Ukishakatwa si mkanda tena, ni pambo.

Mimi ndiye niliyeituma hiyo trekta. Nilifikiri natuma msaada.

Naomba, na hapa naongea kama mama wa mtoto, si kama mwanao: ashuke leo. Nisamehe kwa ukali.

Mwanao,
Mama Bosi


6 Machi

Mama Bosi,

Marahaba. Barua imefika. Hatujambo.

Nimevalisha maharusi tangu kabla hujazaliwa. Wamecheza mpaka asubuhi, wamenyanyuliwa juu kwa viti, hakuna hata mmoja aliyechanikiwa. Leo mwanangu ananiandikia kwamba mshono wangu ni pambo. Sawa.

Sasa na wewe unijibu. Nimwache wapi? Ndani kuna jiko. Nje kuna kisima. Shule ya watoto wadogo iko mbali, na nikimpeleka na kumfuata siku imekwisha. Majirani waliobaki ni wazee kuliko mimi, wao wenyewe wanahitaji wa kuwaangalia. Umesema ashuke. Nilimshusha. Nilimkalisha ukingoni mwa shamba, nikampa mwanasesere, nikamwambia asitoke hapo. Nilipogeuza kichwa nilimkuta nyuma ya jembe, anaokota minyoo. Jembe lilikuwa linatembea, mwanangu. Yeye anainama, linapita.

Kifuani kwangu najua alipo. Ukiwa na mahali pengine, niandikie.

Baba yako


22 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu muwe wazima, wewe na yeye. Mimi nipo.

Nimekaa na swali lako. Nimelipeleka uwanjani, nimelipeleka ofisini na ndoo na fagio, nimerudi nalo. Nilikwenda kwa msimamizi nikaomba ruhusa nije nyumbani hata kwa msimu wa kulima tu. Alinisikiliza vizuri, hakunifokea. Akasema mkataba ni mpaka mwisho wa mwaka, na nikiondoka kabla sirudi. Nikirudi huko bila kazi, wewe na Bosi mtakula trekta. Nikasema asante, nikaenda kukata nyasi.

Ile habari ya minyoo sikuimaliza kuisoma mara moja. Niliikunja, nikaja kuimalizia kesho yake.

Kwa hiyo siwezi kuja na siwezi kukujibu. Nina ombi moja tu, na si la mtaalamu wa trekta. Ni la mtoto aliyekulia chini ya meza yako ya kushonea. Nguo yoyote iliyotoka dukani kwako uliivuta kwanza. Hata kaptula ya shule. Ulikuwa unashika huku na huku, unavuta mpaka uso unakunjamana, ndipo unasema, "Haya, mpelekee." Huu mkanda uliuvuta?

Uvute. Bosi awe ndani, mlango umefungwa. Funga ncha moja kwenye nguzo ya banda, chini. Nyingine ifunge kwenye ndoano ya nyuma ya trekta, hiyo ya chini kabisa, usifunge pa juu maana trekta itanyanyua pua ikurukie. Laza gunia la mchanga katikati ya mkanda, ili ukikatika usije ukakuchapa. Gia ndogo, usikanyage mafuta, iache ijivute yenyewe.

Ukishika, bado kiti ni kimoja, sibadiliki. Lakini uvute, Baba. Hujawahi kumkabidhi mteja nguo isiyovutwa, na huyu si mteja.

Mwanao


19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Ni mimi tena. Sijapata barua yako. Najifariji kwamba ni posta, au kwamba umenuna. Natamani uwe umenuna.

Kila asubuhi nikipanda trekta ya hapa nafunga mkanda, unalia "ka!", nami nabaki nimeshika kile kifungo kama mtu anayesubiri kuitwa. Juzi wenzangu walinipigia honi kwa nyuma.

Niandikie neno moja. Hata tusi litanitosha.

Mwanao


4 Mei

Mwanangu,

Hatujambo, sote wawili, viungo vyote. Nimeanza na hilo kabla ya salamu ili upumue.

Marahaba za shikamoo zako zote nilizokaa nazo bila kujibu. Mwanzo nilikuwa na hasira. Nilisoma ile habari ya kaptula nikaitupa barua kwenye pipa la vitambaa, nikaendelea kulima, na Bosi mapajani. Nakuambia ukweli. Lakini kila tulipofika kwenye lile tuta la juu nikawa nashika usukani kwa mkono mmoja, wa pili namshika yeye. Nikajiuliza, kama mshono naujua, namshikia nini?

Basi nikaenda kuuvuta, nikiwa na nia ya kukuandikia barua ya kujisifu. Bosi nilimfungia ndani, akasimama dirishani ananiamuru. "Babu, twende! Babu, unachelewa!" Nikafunga kama ulivyosema, chini huku na chini kule. Nikaweka gunia. Nikaachia klachi polepole, mafuta sikugusa.

Trekta haikusogea hata urefu wa kiatu. Hata nguzo haikulia. Nikasikia sauti ya mtu anayechana kitambaa.

Uzi wangu haukuachia, mwanangu. Kila fundo liko mahali pake. Uliochanika ni mkanda wenyewe, palepale sindano ilipopita, umefuata matundu yangu kama karatasi ya kalenda. Ningepiga mistari miwili labda ungeshika zaidi. Nilipiga minane kwa sababu ni yeye.

Nilizima, nikatoa ufunguo, nikaenda kukaa kwenye kizingiti. Bosi akaniuliza kupitia dirishani nani amenipiga.

Trekta iko bandani. Ufunguo nimeuvaa shingoni. Nalima kwa jembe la mkono, na mgongo unanitukana bila kuficha. Bosi anasimama pembeni, ananiambia mstari umepinda. Umepinda kweli. Mvua imeshakuja na ile sehemu ya juu haijaguswa, wala haitaguswa. Mkanda mpya sijui unapatikana wapi. Na hata ukipatikana, swali langu liko palepale, bado sijui nimwache wapi.

Huu uliochanika nimekuwekea kwenye bahasha. Nikiuona nashindwa kula, na kuutupa siwezi.

Baba yako


23 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeipata bahasha. Nilipoisoma ile "sote wawili" nilikaa chini sakafuni, katikati ya ofisi ya watu, na ndoo pembeni. Mgongo ukandwe na maji ya moto, na usilime mvua ikiwa inanyesha. Usijilaumu mpaka ukaugua. Ningekuwa nakulaumu ningekuficha? Unanijua.

Mtunza stoo amenipa mkanda mpya wa trekta kama hiyo, uko ndani ya kifurushi hiki. Ni mfupi. Ni wa mtu mmoja. Ukifika ufunge kwa skrubu zilezile, uvute kiti mbele mpaka goti likunjike, na hapo ndipo uvue huo ufunguo shingoni. Lakini siku ambayo hakuna wa kumshika Bosi, trekta isitoke bandani. Hata kama mawingu yamejaa. Hata kama ni saa moja tu ya kazi. Najua maana yake. Sehemu ya juu ibaki pori, tutakula kidogo. Swali lako sijalipatia jibu, Baba. Nimeuliza kila ninayemjua na kila ninayemjua ana mtoto aliyemwacha mahali. Mpaka mwisho wa mwaka sina kitu cha kukupa zaidi ya hapana.

Ule uliochanika sikuutupa. Kesho yake nilipotoka uwanjani niliunganisha vipande kwa fundo, nikakaa kitandani, nikaufunga kiunoni. Unakumbuka ulivyokuwa unanitania ukinipima gauni, kwamba mimi na wewe tuna kiuno kimoja? Bado tunacho, nafikiri. Kwa sababu mkanda ulinizunguka na nafasi ikabaki mbele yangu. Nikajua ni nafasi ya nani.

Nikaweka mto hapo. Nilipoondoka alikuwa sawa na mto. Mto ukapwaya. Nikaongeza sweta langu, bado. Nikakunja na blanketi, nikalisukumia ndani, ndipo mkanda ukakaza.

Nikakaa hivyo, nimevishika vyote, mpaka saa ya zamu ya jioni ikapita na mwenzangu akaja kunigongea.

Amekua, Baba. Hukuniambia.

Chukua ile futi yako, mpime. Kifua, mabega, urefu, mguu. Atakataa kusimama, mwambie mama yake ndiye ameamuru. Usimshonee chochote. Niandikie tu.

Mwanao,
Mama Bosi