Nusu ya Chini, Kijani

Jumapili, 9 Novemba
Nguo za watoto nimekunja. Bafu mbili nimeosha. Kisha madam akashuka huku chini ya nyumba, mikono kiunoni, akizitazama kuta za kijivu. Anataka familia ipate pa kubarizi. Rangi za kuchangamka, mito, televisheni kubwa. Kijichumba changu kiko huku huku, nyuma ya friza. Hakukitaja. Sijapenda.

Jumatatu, 10 Novemba
Mezani wametaja Malaz mara mbili. Malaz ni Riyadh, kwa mama yake bosi. Akinyi, aliyekuwa hapa kabla yangu, aliambiwa anaenda huko wiki mbili tu. Simu yake ikafungiwa kabatini huko. Hakurudi hapa Jeddah, wala hajapatikana tena. Mimi nikose simu ya Ijumaa na mwanangu Baraka? Ana miaka sita. Atasahau sauti yangu. Naogopa.

Jumatano, 12 Novemba
Wamepanda ndege kwenda kumchukua mama yake bosi, bibi wa watoto, aje kutembea. Nimeachiwa rangi: ya manjano ya kuta, ya mafuta ya kijani ya milango. Kamau, dereva, amenisaidia. Mlango tumeuacha wazi kabisa, watu wasije wakasema.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimeharibu. Kuta nimezipaka kijani kuanzia sakafuni hadi kiunoni, manjano juu. Hakuna aliyeniagiza. Mkono ulienda wenyewe, maana kwetu ukuta hupakwa hivyo ili uchafu wa watoto ufutike. Kamau alipoingia alishika kichwa.
"Siz, hii ni primary school!"
Alicheka peke yake. Kijani kimeisha, milango bado. Wanarudi kesho. Nimekwisha.

Ijumaa, 14 Novemba
Wamerudi. Madam aliutazama ukuta juu mpaka chini. Afadhali angefoka. Lulu, kitindamimba wao, akapaka ukuta mikono yake ya chokoleti. Nikapitisha kitambaa chenye maji, ukang'aa. Bibi akapiga makofi. Amekaa huko alasiri nzima na wajukuu. Nimepumua. Baraka nimeongea naye dakika arobaini, nikacheka kama mjinga.

Jumamosi, 15 Novemba
Bibi ameupenda ukuta. Anataka wake wa Malaz upakwe vivyo hivyo, na mimi ndiye wa kuupaka. Naondoka naye kesho kutwa.
"Wiki mbili tu, halas," madam amesema, yaani basi, yameisha.
Nimejibu ndiyo madam. Kijichumbani mwangu tayari wamepanga mito yao.

Jumapili, 16 Novemba
Begi limefungwa. Nimepiga simu nyumbani ingawa si Ijumaa. Baraka ameniimbia wimbo wa shule, wote, mara mbili. Kisha nimemsomea mama namba ya Kamau, na anwani ya nyumba ya Malaz. Nimemwambia aziandike kwenye ukuta wa jikoni kwa makaa. Aziandike juu, si ile nusu ya chini anayoifuta.