Mashavu ya Bibi Arusi

Kibokoni,
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kwa Shangazi yangu Barke,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai umeamka salama huko Makupa na eda haikuelemei sana. Huku sote wazima, mama anakusalimu, nyumba imejaa wageni na harufu ya liwa.

Usishangae kuletewa barua kama za zamani. Somo, kungwi wangu, amenichukulia simu. Anasema bibi arusi aliyewekwa ndani haonekani wala hasikiki, na siku hizi hasidi huingilia kwenye simu. Mwezi mzima, mpaka siku ya kupambwa! Lakini Emmah wetu wa kazi si mnakaa jengo moja? Basi yeye ndiye posta. Wewe umefungwa kwa kufiwa, mimi kwa kuolewa. Tusipoandikiana tutazungumza na nani?

Nikupe la kucheka. Wakumbuka siku ya posa, dada zake bwana arusi wangu Khubaib waliponitazama wakaulizana, "Huyu akivikwa dhahabu si itamwangusha?" Wangeniona leo! Nina mashavu, Shangazi. Uso mviringo, shingo imejaa, gauni limefumuliwa pembeni mara mbili. Somo akinisinga mwili kwa manukato anasema, "Ndoo hapa nikushike mwanangu, sasa una pa kushikika." Mama anadhani ni maziwa yake na mahamri. Nakwambia wewe peke yako: ni vidonge. Nimeanza tangu posa, mwezi wa sita. Kuna mwanamke anauza vipodozi, huvifunga katika kikaratasi. Havina jina, lakini watu wote wanavijua.

Mwanao,
Jannat

Makupa,
Jumanne, 7 Oktoba

Mwanangu Jannat,

Waaleikum salaam, na marahaba. Mimi mzima, Alhamdulillahi. Nashinda na kaniki yangu na tasbihi, nasikiliza malori. Kila likipiga honi nadhani ni marehemu mume wangu anarudi na lori lake kutoka Shimanzi, kisha nakumbuka.

Barua yako imenichekesha, na mimi mtu wa eda sifai kucheka hivyo. Lakini vidonge visivyo na jina, mama? Hata paka ana jina. Mimi niliolewa mwembamba kuliko wewe. Nilipopambwa walinishonea mto ndani ya gauni, na marehemu alipougundua alicheka mpaka machozi. Mto tuliulalia miaka thelathini. Wewe una sura ya marehemu kaka yangu. Sura hiyo haihitaji kutiwa hamira.

Nimekuwekea uji wa mtama katika chombo. Unywe wote, na uniandikie hali yako ya kweli, si ya kwenye kioo.

Shangazi yako,
Barke

Kibokoni,
Jumanne, 14 Oktoba

Shangazi mpenzi,

Assalaam aleikum, shikamoo. U hali gani? Nimekawia kujibu kwa sababu swali lako lilinishinda.

Hali yangu ya kweli ni hii. Uso umejaa na tumbo limejaa, lakini mikono na mapaja yamenywea. Nikikaa kwenye mkeka siwezi kuinuka mpaka nishikwe. Tumboni nimetoka michirizi myekundu. Somo akinisugua singo napata vilio vya damu, madoa meusi meusi, naye anasema ngozi yangu laini, mashaallah. Nina kiu isiyokatika. Somo anasema ni joto.

Naogopa, Shangazi. Lakini wanawake wakija kunichungulia na kusema "bibi arusi amenona!" moyo unanikunjuka. Tangu nizaliwe sijawahi kusifiwa mwili. Nivitumie mpaka nipambwe tu, kisha niache?

Mwanao,
Jannat

Makupa,
Jumatano, 15 Oktoba

Jannat,

Waaleikum salaam. Salamu nyingine utanisamehe, nina hasira.

Huo si unene, huo ni uvimbe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hao wanaokusifu watakula biriani waende zao, na mwili utabaki nao wewe. Usingoje kupambwa. Leo, Emmah akikupa barua hii, chukua kikaratasi hicho umwage vyote chooni, usibakishe hata kimoja. Uniapie. Khubaib akitaka mashavu, akaoe mkate wa boflo.

Nakupenda, ndiyo maana nakugombeza.

Shangazi yako,
Barke

Kibokoni,
Jumanne, 21 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Wallahi nilivimwaga siku ileile, Emmah ni shahidi, yeye ndiye aliyemimina maji. Nilidhani utafurahi.

Samahani kwa mwandiko. Tangu Jumapili nina homa na natapika, hata uji wako haukai. Nikisimama, chumba kinazunguka. Nyanya amefukiza ubani, amesema ni kijicho. Nilimwomba mama anipeleke hospitali, akafunga mlango akaninong'oneza: "Bibi arusi anatapika? Wakikuona watasema una mimba. Stahimili, mwanangu, zimebaki siku chache." Basi natapikia ndoo, na mama anaimwaga mwenyewe ili wageni wasijue.

Vidonge hajavijua, na mimi naona haya kumwambia. Shangazi, mbona nimeacha na ndiyo nazidi?

Jannat wako

Makupa,
Jumatano, 22 Oktoba, asubuhi

Jannat mwanangu,

Emmah amesimama mlangoni, naandika haraka. Everlyne, nesi wa nyumba ya chini, alikuja jana usiku kunijulia hali. Nikamweleza kwa majivuno kwamba nimekuachisha vidonge. Akaweka kikombe chini. Anasema vitakuwa ni dawa za hospitali, za pumu na viungo, watu wanaziiba kwa ajili ya unene. Ukizinywa miezi, mwili husahau kujitengenezea homoni yake yenyewe inayoutia nguvu. Haziachwi ghafla. Daktari huzipunguza kidogo kidogo. Mimi nilikwambia usibakishe hata kimoja.

Nilimpigia mamako pale pale. Akasema umelala, nisimtie aibu na wageni ndani. Nilipotaja vidonge alikuwa ameshakata, na tangu alfajiri hashiki simu. Mwonyeshe barua hii. Nenda hospitali sasa hivi, umwambie daktari ulichokuwa ukinywa na siku uliyoacha. Waseme una mimba, waseme una mapacha, waache waseme!

Ikifika adhuhuri sijasikia kuwa umetolewa, navaa buibui nakuja mwenyewe. Eda ina dharura zake.

Shangazi yako

Makupa,
Ijumaa, 24 Oktoba

Jannat mwanangu,

Sitakuuliza hali.

Emmah alirudi juzi kabla ya adhuhuri. Uji wangu ulikuwa ndani ya chombo vilevile, na barua yangu juu ya kifuniko, haijafunguliwa. Ulikuwa umeshatutoka alfajiri, kabla sijashika kalamu.

Nilivaa buibui nikaja. Somo ndiye aliyekuosha, kwa mikono ileile iliyokusinga. Alikuwa akikufumba macho huku akilia, akisema, "Mato yake, mwanangu, nifungeni mimi mato." Mamako sikumlaumu, ningemlaumuje? Yeye alikuficha, mimi nilikukatia vidonge.

Wanawake walipoingia kukuaga, mashavu yako bado yalikuwa yamejaa. Nikamsikia mmoja akisema, "Masikini, na alivyokuwa amenona!" Hapo nilishindwa. Nikasimama, mjane wa eda, katikati ya matanga, nikawaambia yote. Vidonge, michirizi, ndoo. Nikawaambia aliyemwambia aviache vyote kwa siku moja ni mimi. Nikawaambia anayevinywa asiendelee, na asiviache peke yake, aende kwa daktari leo. Wengine waliinamisha nyuso. Nyanya yako alisema nimewavunjia heshima.

Nilipokuwa natoka, mtu alinishika buibui ngazini. Ni wifi yako mdogo, dadake Khubaib, yule wa maneno ya dhahabu. Sikuwahi kumtazama vizuri. Uso wake mviringo kama wako. Akafungua mkoba akanionyesha kikaratasi, akasema, "Shangazi, mimi je? Nimevinywa miezi minne."

Nilimshika mkono tukaenda kwa Everlyne, na Everlyne akatufikisha hospitali, na sikuondoka mpaka daktari alipomwita ndani.

Yeye nilimpeleka, mwanangu. Wewe nilikuandikia barua.

Shangazi yako,
Barke