Bibi Alipokuwa Akinitaja kwa Mungu

Jumanne, 20 Mei

Leo tena. Nimenyanyua mkono kwenye Baiolojia, wa nyuma wakaitikia, "Aaamina." Hata mwalimu kacheka. Nikashusha mkono. Jibu nilikuwa nalo.

Yote ni klipu ya Anjela, binamu yangu. Alienda Ipogolo kwa Bibi, akamrekodi akisali alfajiri, akaiweka mtandaoni. Kaandika: bibi yangu mtamu. Watu wameipenda mno. Ila anayetajwa ni mimi.

"Na Atupele wangu wa Mbeya, Baba. Mpe ulimi. Anabana mkojo mpaka kengele, anaogopa kile Kiingereza cha kuombea ruhusa."

Nilimwambia Bibi peke yake.

Alhamisi, 22 Mei

Anjela kaifuta. Bure. Shuleni na mtaani, Iyunga nzima wanayo. Kanitumia sauti: "Dogo, usikuze mambo. Watu wanalia wakiisikia, wanatamani wangekuwa na bibi kama huyo."

Najua. Na mimi nililia.

Nimekumbuka likizo za zamani. Baridi ya Juni, mimi na Anjela blanketi moja. Bibi kapiga magoti, anataja wajukuu mmoja mmoja na shida zetu, Kihehe kidogo, Kiswahili kidogo. Nilikuwa najifanya nimelala, nasubiri zamu yangu. Shuleni mimi ni yule wa dirishani asiyeongea. Pale kuna mtu alikuwa ananijua.

Jumamosi, 24 Mei

Nimempigia Bibi. Nilitaka kusalimia tu. Kamwene, habari za shamba, basi. Nikajikuta nasema, Bibi, naomba usinitaje tena kwa sauti. Nikamweleza kila kitu.

Kauliza:

"Kumbe nilikuwa nasali na watu wote hao?"

Nikamwambia Anjela ameshaifuta.

"Haya mama. Nimesikia."

Nimejisikia nafuu. Halafu vibaya sana.

Jumapili, 8 Juni. Ipogolo

Nimefika jana, tumefunga shule. Bibi kanichomea mahindi, kaniambia nimekonda. Hakuuliza ya shule. Huwa anauliza.

Alfajiri nimeamka kabla yake. Nikalala macho, nasubiri. Akaamka, akaiona simu yangu kwenye chaji, akaifunika na kitenge. Akapiga magoti.

Hakutoa sauti. Midomo tu ilikuwa inacheza.

Nikaikazia macho. Tuko wajukuu wengi. Sikujua zamu yangu ilikuwa ipi.