Mkono wa Mtoto wa Najmo

Mutinda, tumetoka hospitali saa hii. Mjukuu wangu mchanga amevunjika mkono. Amevunjikia kwa mikono yangu.

Sikumwangusha! Wallahi nilimwinua tu kitandani, vile wewe ungeinua mwana. Nikasikia tak. Akalia.

Nesi akanikazia macho. "Mzee, umemfanya nini huyu mtoto?" Umesikia? Umemfanya nini! Mimi!

Daktari akaangalia picha, akasema mifupa ni laini, haina kalisiamu ya kutosha. Akamgeukia binti yangu Najmo. "Mama, wewe huota jua lini?" Mimba ilimlaza ndani miezi mingi, na sasa bado ako kwa arobaini ya uzazi, pazia imefungwa. Daktari akasema mama mwenyewe hana vitamini D, kwa hivyo mtoto alizaliwa bila. Wote wawili wakaandikiwa dawa. Akasema wazi, "Mzee hana kosa."

Hana kosa. Najmo alisikia, Mutinda.

Tukitoka nikanyoosha mikono nimbebe mtoto. Najmo akamhamisha bega lingine. "Aabo, baba yangu, wacha tu."

Akanipa mfuko wa nepi. Nimeubeba mpaka nyumbani Mumbuni.