Mguu wa Kulia

Dada yangu Ruwaida,

Ungeonja baridi ya huku Ulaya, usingelalamikia tena ya Igowole. Mimi nakula vizuri, na ule mchele wa Rujewa nimebakiza wa kunusa tu. Mtoto ameshaota meno?

Ule mchezo niliokueleza, wa kulala kifudifudi kwenye kigari kisicho na magurudumu na kuteleza kichwa mbele kwenye njia ya barafu, juzi umeniangusha. Kigari chenyewe hakina breki. Nilijua hivyo tangu mwanzo, lakini miaka yangu yote ya mbio za pikipiki imekaa kwenye mguu wa kulia, dada. Kona iliponijia, mguu ukakanyaga breki ya nyuma kama vile nashuka mlima Kitonga. Kidole kikakwaruza barafu, kigari kikageukia huko huko, nikabamizwa ukutani. Kofia imepasuka. Mimi nimechubuka tu.

Basi, na ubavu mmoja umepata ufa.

Kocha ananiambia, “Junaid, ukiogopa, usifanye chochote.” Mimi nikiogopa nakanyaga breki, sijui namna nyingine. Hata sasa nimekaa kitini nakuandikia, na mguu unakanyaga sakafu wenyewe.

Kesho nashuka tena. Niombee dua, tena usichelewe.

Mama akikuuliza, mwambie nimerudi kwenye pikipiki. Hofu ya pikipiki ameshaizoea.

Mdogo wako anayekuwaza,
Junaid